Wifi Yangu na Pigo la Tano

Wifi yangu tunamwita Kishindo. Jina nilimpa mimi, kwa hiyo mwenye lawama alete kwangu. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kama mke, alishuka na begi moja la nguo na seti nzima ya dramu, matoazi yakigongana mlangoni. Mama akauliza, "Huyu ni mkwe au ni gwaride?" Tulicheka mpaka bibi harusi mwenyewe akakaa chini. Tangu hapo mimi na yeye ni chanda na pete, ingawa saa haipiti hatujataniana.

Tunafanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Chumba hakina dirisha la maana, kimejaa mvuke, na kina mashine ya pasi ndefu kama kitanda, inayotema mashuka yakiwa bado ya moto. Watu husema jikaze kisabuni. Sisi sabuni tunayo na kujikaza tunajikaza. Lakini Kishindo sijamsikia akinung'unika. Mikono yake tu ndiyo haitulii: anagonga ndoo, anagonga meza, akikosa cha kugonga ananigonga mgongoni.

Bendi yao ina watu watatu. Kishindo yuko kwenye dramu. Kaka yangu, fundi wa kuchomelea mageti, anapiga gitaa la besi na kuimba. Gitaa la kuongoza analipiga kinyozi wa mtaani kwetu, ambaye anapenda muziki wa roki wa zamani kuliko anavyowapenda wateja wake. Miaka yote walikuwa wa kuokoteza, harusi hapa, mahafali pale, dramu zikisukumwa kwa mkokoteni. Ndipo meneja wa ukumbi ulio nyuma ya soko akatangaza kwamba anatafuta bendi ya kupiga kila Jumamosi alasiri. Bendi ya kudumu! Jukwaa, taa, na chumba cha kufungia vyombo. Kishindo aliposikia habari za chumba cha kufungia vyombo, nusura aikumbatie mashine ya pasi.

Basi akatunga wimbo. Alituletea mazoezini, uani kwa kinyozi, akaketi akaanza kuupiga. Jamani! Ulikuwa mtamu, unakuvuta bega bila ruhusa yako. Lakini kila kaka yangu alipojaribu kuingia na gitaa lake, alijikuta nje. Akaingia tena, akatoka tena.

"Mke wangu, unanitegea," akalalamika.

Kinyozi alifumba macho, akahesabu kwa vidole, kisha akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Ni tano! Nyimbo zetu zote tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, tunarudi moja. Huu una pigo la tano! Wapo waliopiga roki ya namna hii, wapo hata wa saba, wapo wa kumi na moja, mimi nawasikiliza tangu utoto. Sikujua kama nitampata mmoja uani kwangu!"

"Mimi sikuhesabu kitu," Kishindo akasema. "Umetoka tu mikononi."

Mimi nilikuwa nimejikalia zangu kwenye kiti cha kunyolea, nakula karanga. Nikashangaa kuona mikono yangu inakwenda yenyewe, karanga zinamwagika. "Wewe wifi!" nikapiga kelele. "Hayo si mashuka?"

Wote wakanitazama kama nimepagawa, ikabidi nieleze. Shuka la kitanda kikubwa linakunjwa na watu wawili. Mnalivuta likanyooka, mnalikung'uta, mnalikunja, mnasogeleana, halafu mmoja anampokeza mwenzake pembe zake, na viganja vyenu vinakutana, pa! Kisha mnarudi nyuma na kuanza upya. Vuta, kung'uta, kunja, sogea, pokea. Tunafanya hivyo kutwa nzima, mwaka mzima, na wifi yangu alikuwa ameigeuza kazi hiyo kuwa wimbo bila kujua.

Kinyozi alinibusu kwenye paji la uso. Alikuwa na nywele za watu mpaka kwenye masharubu, lakini nilimsamehe.

Wiki hiyo yote kaka yangu, ambaye tangu azaliwe hajakunja hata kitambaa chake cha jasho, alikunjishwa kila shuka la nyumbani ili wimbo umwingie mwilini. Mama alipita sebuleni akamkuta anakunja huku anaimba. Akarudi nje kuhakikisha kama kaingia nyumba yake.

Na ukamwingia kweli. Tatizo likawa meneja. Alikuja kuwasikiliza kabla ya Jumamosi, mtu wa tai hata jua linapowaka, na alitikisa kichwa kwa kuridhika mpaka ulipopigwa wimbo wa Kishindo.

"Nyingine zote safi," akasema. "Huo unaochechemea uacheni. Mimi nataka watu wacheze. Jumamosi nikiona ukumbi umekaa, natafuta bendi nyingine, na tusilaumiane."

Alipoondoka, kaka yangu alipendekeza walikate pigo la tano wimbo uwe kama nyimbo nyingine. Wakalikata, wakapiga. Ukawa kama nyimbo nyingine kweli, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kishindo aliweka vijiti chini.

"Nimepiga nyimbo za watu maisha yangu yote," akasema, na safari hii hakuwa na utani hata chembe. "Huu peke yake ndio wangu. Nazitaka hizo Jumamosi mpaka nakosa usingizi, mnajua. Lakini nikiukata, atakayezipata si mimi."

Kaka yangu alikuna kichwa, akamtazama kinyozi, kinyozi akatazama viatu vyake. Wakakubali shingo upande: utapigwa mzima mzima, lakini uwe wa mwisho.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nyimbo za kwanza watu walicheza mpaka sakafu ikalalamika, na meneja alikuwa anatabasamu mlangoni mithili ya baba wa mtoto mchanga. Kisha Kishindo akainua vijiti.

Mwenzangu, nilichokiona sikijui jina. Watu waliingia na miguu yao ya kawaida. Walianza kwa mguu wa kulia, wimbo ukarudi mwanzo wao wako kwenye wa kushoto. Bwana mmoja wa shati la njano alimkanyaga mkewe, akaomba radhi, akamkanyaga tena. Mstari mzima wa akina dada uligongana makalio. Mmoja mmoja wakaanza kurudi vitini. Meneja alitazama ukumbi, akatazama jukwaa, akaanza kuelekea kwenye swichi ya umeme. Kishindo alimwona. Hakuacha kupiga, lakini macho yake yalimfuata mpaka kwenye swichi.

Nikashika kitambaa cha meza tuliyokalia mimi na Mama, nikakichomoa. Mama alizidaka soda mbili hewani, sijui alijifunza wapi.

"Kitambaa changu!" meneja akafoka. Akaiacha swichi, akaja mbio, akakamata upande wa pili na kuvuta.

"Vuta!" nikamwambia. Akadhani namdhihaki, akavuta zaidi. Nikakikung'uta, mikono yake ikaruka. Nikakunja, naye akakunja kwa kuogopa kisichanike. Nikamsogelea, hakuwa na pa kukimbilia. Nikampokeza pembe, viganja vyetu vikakutana, pa!, sawasawa na dramu ya Kishindo. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Tena!" nikasema, na kabla hajapata la kujibu tayari tulikuwa tunavuta.

Mzunguko wa tatu meneja hakuhitaji kuambiwa. Wa nne tai ilikuwa begani. Bwana wa shati la njano akanyakua kitambaa cha meza yake, mkewe akashika upande wa pili. Waliokosa vitambaa walishika makoti, wengine mitandio, wengine walishika hewa. Vuta, kung'uta, kunja, sogea, na mamia ya viganja yakakutana kwa pamoja, pa! Kioo cha dirisha kikatikisika. Wageni wasiojuana walikuwa wanasogeleana na kupigana viganja huku wanacheka mpaka machozi, na Mama alikuwa katikati yao na soda zake mbili. Jukwaani kinyozi alikuwa anarukaruka, kaka yangu amesahau kuimba. Kishindo alikuwa amefumba macho. Furaha niliyokuwa nayo, kama ningepewa mabawa ningekataa, yangenipunguzia raha.

Walipoumaliza, watu waliudai tena. Wakaurudia, wakaudai tena.

Mwishowe meneja alipanda jukwaani akihema, jasho linamtoka mpaka kwenye soksi.

"Jumamosi ni zenu," akamwambia Kishindo. "Lakini kwa sharti."

Niliona mikono ya wifi yangu inakaza vijiti.

"Huo wa tano muupige mwanzoni, kabla sijachoka."

Kishindo akainamisha kichwa juu ya dramu yake akalia kwa sauti, mbele ya ukumbi mzima. Meneja alibaki ameduwaa, hajui amekosea wapi.

Ikabidi nipande mimi nimjibie. "Amekubali," nikamwambia.