Mwezi Mmoja Niliouficha

Kuna asubuhi moja ya Julai, mwaka 2009, ambayo hata leo nikiikumbuka, mwanangu, lazima kwanza nitafute mahali pa kukaa. Nilikuwa nimesimama peku juu ya sakafu ya saruji katika saluni niliyokuwa nasukia hapa Johannesburg. Baridi ya kipupwe ilikuwa imewafanya wenzangu wote wajikunyate karibu na hita ya mafuta ya taa, soksi mbili mbili miguuni, na mimi sakafu ile niliiona tamu. Ningepata barafu ningeikanyaga.

Viganja na nyayo vilikuwa vinaniwasha. Ukitazama huoni upele wala uvimbe, ngozi ni safi kabisa, lakini kwa ndani moto unatembea. Nilijikuna kwa kitana hadi nikachubuka. Nilikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na hiyo mimba wala sikuihusisha na kuwashwa. Nilisingizia dawa ya kulainisha nywele. Wenzangu wakakubali mara moja, maana msusi gani hajawahi kuunguzwa na dawa? Nikanunua glavu, nikaendelea na kazi.

Nicheke kidogo kabla sijaendelea. Leo mnaniita bibi, na sijafika hata miaka hamsini. Huku ugenini mtu anazeeshwa mapema, kwa sababu wazee wenyewe tuliwaacha nyumbani. Haya, basi nizeeke, ila mnisikilize.

Asubuhi hiyo aliingia Mama Furaha kusukwa. Alikuwa mkuu wa akina mama kanisani kwetu, mwanamke mrefu kutoka Bukavu, mkavu wa maneno, aliyeishi mji huu miaka mingi hadi Kiingereza na Kizulu vikawa vyake. Mimi nilikuwa nimetoka Uvira mwaka mmoja na nusu tu, sijui hata kuagiza mkate vizuri. Akatazama miguu yangu.

"Baridi hii na weye uko peku?"

"Inaniwasha, Mama. Ni hii dawa ya nywele."

"Dawa inashika mikono. Na miguu nayo unasukia?"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Aliniuliza mkojo wangu una rangi gani, mbele za watu, bila haya. Nikamnong'oneza kwamba una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Akaniambia nichukue koti.

Ujue kwamba Mama Furaha ndiye aliyekuwa akitupeleka kliniki sisi wote tusiojua lugha. Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu wageni wapigwe na kufukuzwa, kuanzia kule mtaa wa Alexandra, na wengi wetu tulikuwa bado tunaogopa kufungua mdomo mbele ya watu. Tulimpa yeye maneno yetu naye akayapeleka. Hata siku ya kwanza ya kuandikisha mimba yangu, yeye ndiye aliyeniuliza, kwa niaba ya sista, yaani muuguzi wa kliniki, damu yangu ya mwisho niliiona lini. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kanisani kwetu bibi harusi mwenye mimba havai shela. Anabarikiwa siku ya kazi, mashahidi wawili, hakuna wimbo, halafu anakaa benchi la nyuma miezi mitatu bila meza ya Bwana. Na aliyekuwa akiwahoji mabibi harusi ni huyo huyo Mama Furaha. Wiki moja kabla ya harusi yangu alinishika mabega akaniuliza kama niko safi. Nilikuwa nimeshakosa damu, nilijua vizuri, na mume wangu mtarajiwa alijua. Nikamjibu, "Niko safi, Mama." Nikavaa shela, nikaimbiwa, nikapigiwa vigelegele.

Sasa, sista anapouliza tarehe na anayetafsiri ni yule yule, ungesemaje? Niliisogeza mbele mwezi mzima, ili mimba ianze baada ya harusi. Mama Furaha akaitamka tarehe hiyo kwa Kiingereza chake kizuri na sista akaiandika. Tumbo lilipoonekana kubwa kuliko karatasi ilivyosema, wakasema labda mtoto ni mnene, wakanipima sukari. Sukari haikuwepo. Nilirudi nyumbani nikifurahi kwamba siri imepona.

Basi siku ile tulifika hospitali, wakachukua damu, tukakaa benchi hadi saa nane mchana. Daktari alikuwa msichana mdogo, sauti ya chini, na aliongea taratibu. Mama Furaha alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Anasema ini lako limelemewa kwa sababu ya mimba. Nyongo inaingia kwenye damu, ndiyo inakuwasha. Weye utapona ukishazaa. Mtoto ndiye yuko hatarini. Anaweza kucheza asubuhi, mchana moyo ukasimama, bila dalili."

Nilishika kiti. Nilikuwa nimekuja kutafuta mafuta ya kupaka, mwanangu. Mafuta ya kupaka tu.

"Anasema kwa majibu ya damu yako, ungekuwa umefika wiki thelathini na saba, leo hii angekulaza akuanzishie uchungu. Lakini karatasi inasema thelathini na tatu. Mapafu ya mtoto bado. Kwa hiyo atakupa vidonge, utakuja mara kwa mara wasikilize moyo wake, na tutaomba Mungu."

Thelathini na tatu jumlisha nne. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Niliifanya kichwani, nikairudia kwa vidole ndani ya mfuko wa koti, nikaona kwamba wiki iliyotakiwa ndiyo niliyokuwa nayo tumboni, na kwamba uongo wangu mwenyewe ndio ulioketi mezani pale, kwa wino, ukimzuia daktari. Nilifungua mdomo nikamwona Mama Furaha ananitazama, nikaufunga. Nikasema, "Asante, dokta." Nikachukua vidonge, nikatoka.

Ndiyo, nilitoka. Nakuambia hili ili usije ukaniona shujaa. Nilipita korido yote, nikapita geti, nikafika kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, pale barabarani, na njia nzima nilikuwa nawaza benchi la nyuma. Nilikuwa nawaza akina mama watakavyogeuka kunitazama. Mtoto wangu yuko ndani anaelea kwenye sumu, na mimi nawaza benchi.

Taa ikawaka kijani. Mama Furaha akavuka. Mimi miguu ilikataa. Nilikuwa nimeweka mkono tumboni nikisubiri mtoto acheze, kwa sababu nilikuwa sikumbuki tena kama alicheza tangu asubuhi. Hakucheza. Magari yakaanza kupita tena, Mama akiwa ng'ambo ananipungia mkono kwa hasira. Alipovuka kunirudia alianza kunigombeza, nikamkatiza.

"Mama, ile tarehe ni ya uongo. Nina wiki thelathini na saba. Nilivaa shela nikiwa na mimba."

Uso wake sitausahau. Hakufoka. Ulikufa ganzi tu, akanitazama kama mtu aliyesimamishwa barabarani na asiyemjua. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakibana hadi kikauma, akanirudisha ndani, tukapita mbele ya foleni yote. Sista mmoja akasema, "Eish, mama, kuna watu wanangoja hapa," naye hakugeuka.

Mbele ya daktari nilisema kila kitu kwa Kiswahili, na Mama Furaha alitafsiri. Nilingoja aongeze chumvi, aseme mimi ni mwongo, aseme kanisa linasemaje. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Daktari alichukua futi ya kupimia, akapima tumbo upya, akaangalia vipimo vya zamani, akasema sasa vinaelewana. Halafu wakaniwekea mkanda wa mashine ya moyo, na moyo wa mtoto ukasikika. Hapo nililia, na sikuona haya hata kidogo.

Walinilaza siku ile ile. Waliniwekea dawa ya kulegeza njia, baadaye ya mshipani, na uchungu wa kuanzishwa, mwanangu, haubishi hodi. Mume wangu alikuwa lindoni, alikuwa askari wa duka moja kule Kensington, hakuruhusiwa kutoka. Mama Furaha alikaa nami. Alinifuta jasho, akaniambia lini nisukume, lakini macho yangu hakuyatazama. Chupa ilipopasuka maji yalikuwa ya kijani, na niliona wauguzi wanaharakisha. Mtoto alitoka kimya. Ukimya ule ni mfupi ukiuhesabu kwa saa, lakini mimi bado naubeba. Wakamsafisha pua, wakamsugua mgongo, akakohoa, akalia. Msichana. Nilimwuliza daktari, kwa kinywa cha Mama, kama tungengoja, mtoto angefika wiki iliyofuata akiwa hai. Akajibu kwamba hajui. Angesema angekufa ningeshtuka mara moja ikapita. Alisema hajui, na mshtuko huo haujaniisha.

Siku iliyofuata Mama Furaha alileta uji. Aliponinywesha nusu kikombe ndipo aliponisemesha.

"Ya shela utaongea na Mungu, hiyo ni yenu. Mimi kinachoniuma ni kingine. Ulinipa uongo nikaupeleka kwa dokta kwa kinywa changu, na mimi nikijua nakusaidia. Huyu angekufa, angekufa kwa neno nililolisema mimi. Ningelala wapi?"

Nilikuwa nimemhofia kama hakimu, haikunijia hata siku moja kwamba naye ni mtu anayeweza kuumizwa.

Nilirudi nyumbani, kuwashwa kukaisha siku chache tu baadaye, nikaanza kungojea kuitwa na wazee wa kanisa. Kila Jumapili nilivaa nikisema leo ndiyo leo. Mchungaji alikuwa akinisalimia, akina mama wakanibebea mtoto, wakasifu kwamba ana afya kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi tisa, na hakuna aliyeniita. Ikapita miezi mitano. Mwishowe nilishindwa, nikamfuata Mama Furaha jikoni kanisani, akiosha masufuria, nikamwuliza kwa nini hajanipeleka mbele ya wazee.

Alishangaa kweli. Akaweka sufuria chini.

"Mambo ya chumba cha dokta? Miaka hii yote nasikia mambo ya wanawake wa kanisa hili mule ndani. Uliwahi kunisikia nikitoka na moja?"

Sikuwahi. Nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pale pale. Nilikuwa karibu kuzika mtoto kwa kuogopa mdomo ambao haukuwa na nia ya kusema. Niliuogopa bila kuuliza, bila hata kujaribu. Alinitazama nikilia, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu siku ya robot akatabasamu, kidogo, akanipa taulo nifute masufuria.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi. Ukiwa na mimba na viganja na nyayo vikakuwasha bila upele, usingoje, usisingizie sabuni wala dawa wala wifi yako. Nenda siku hiyo hiyo wapime damu. Na wakikuuliza tarehe, wape iliyo ya kweli, hata kama anayekutafsiria ni mama mkwe. Ukishindwa mbele yake, omba mtu mwingine, andika kwenye karatasi, onyesha kwa vidole. Daktari anaamua kwa kile ulichomwambia tu. Ikiwa umeshadanganya na umeshatoka getini, rudi. Aibu ya kurudi nimeionja, inapita. Na wewe ambaye wengine wanakupa maneno yao uyapeleke, yafikishe kama yalivyo, kisha uyaache mule mule chumbani.

Mungu akulinde wewe na utakayembeba. Akupe ulimi usioogopa kusema siku utakapoulizwa, na akuweke karibu na mtu wa kukurudisha ndani. Na huyo mtoto wako, aje analia.