Bwana Funga Daftari

Shemeji yangu, mume wa dada, hufundisha hesabu za dozi katika chuo cha uuguzi: mgonjwa ana kilo ngapi, dawa ina nguvu gani, sindano ivute kiasi gani. Miaka yote alifundisha kama wenzake. Anasoma slaidi, wanafunzi wananakili, kila mtu anarudi kwao ameridhika. Kisha akahudhuria semina ya utafiti wa ufundishaji, akarudi mtu mwingine.

Kila kipindi akawa anaanza kwa maswali ya wiki zilizopita, madaftari yamefungwa. Mfano wa kwanza aliukokotoa wote ubaoni. Wa pili akawaachia hatua ya mwisho waijaze. Uliofuata akawaachia zaidi, hadi wakabaki peke yao. Tena alichanganya vidonge, sindano na dripu, mtu asijue kanuni ipi inakuja. Wakambandika jina: Bwana Funga Daftari.

Mimi nauza fanicha za mitumba. Mteja hukipita kitanda cha mninga mgumu akakimbilia cha mbao laini kilichopigwa vanishi. Nikamwonya: "Shemeji, hao wanafunzi ndio wanaojaza fomu ya tathmini, na mkataba wako unafuata fomu."

"Wakiona matokeo wataelewa."

"Fomu inakuja kabla ya matokeo. Hapo semina imekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Hakusikia. Tathmini ikaja: hafundishi, anatuuliza tu, anatufanya tujione wajinga. Matokeo yalipotoka, mazuri kuliko ya mwaka wowote, alikuwa ameshanyimwa mkataba mpya. Dada akaja dukani, akajitupa kwenye kochi. "Wewe ndiye mwenye mdomo hapa. Nenda kaseme naye huyo mkuu wa idara."

Tukaenda, mimi na shemeji. Mkuu wa idara alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mama, matokeo si hayo mezani?"

"Nayaona, baba. Lakini bosi wangu anasoma malalamiko."

Nikashusha bei. "Na akirudia slaidi zake?"

Shemeji akanigeukia. Mama akafikiri kidogo. "Akirudia, nampa mwaka."

"Miwili, mama."

"Haya, miwili."

Nikampa mkono. Nje, shemeji akasema, "Umeniuza."

"Kwa bei nzuri. Au wanao wanakula utafiti?"

Muhula ulipofunguliwa akasoma slaidi. Siku ya mwisho darasa lilimpigia makofi, na tathmini ikapanda mpaka mama yule akapiga simu kumpongeza. Dada akanunua mapazia mapya.

Juzi nilimkuta shemeji mezani kwao akisahihisha mtihani. Akanisogezea karatasi moja. "Mtoto wa kilo kumi. Huyu kamvutia dozi ya mtu mzima."

"Mmoja hakosi, shemeji."

"Karibu darasa zima. Wale wa mwaka jana swali hili walilifanya huku wanapiga miayo."

"Sasa utawafelisha?"

"Nikiwafelisha wengi nitaitwa. Nitawapa alama za kanuni. Kanuni wameinakili vizuri."

Akaandika alama, akavuta karatasi nyingine. Nilizoea kwamba kila jambo lina bei yake na mtu wa kupatana naye. Nikatazama lile rundo la wauguzi wa kesho, nikakosa wa kumwambia apunguze bei. Dada akauliza kutoka jikoni kama nabaki kula. Nikasema duka liko wazi.