Kifaransa Alichonichagulia Baba

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule ya msingi niliisoma katika kambi ya wakimbizi, Kigoma, na tangu tulipoondoka huko Kiswahili nimekiandika mara chache. Naandika polepole. Ukurasa huu umenichukua jioni tatu.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Buffalo, Marekani, chuo nilichotaka kusomea uuguzi kilidai mitihani miwili ya masomo, mbali na mtihani mkubwa unaofanywa na wote wanaoomba vyuo. Mwalimu mshauri alinipa orodha ndefu akasema, "Chagua mawili unayoyaweza."

Kambini hatukuwahi kuchagua. Mtihani ulikuja na masomo yake yote, na aliyeacha karatasi moja tupu alihesabiwa ameanguka.

Nikaanza kupunguza. Historia niliianza Louisville, tulikofikia kwanza. Katikati ya mwaka tukahamia Reynoldsburg, pembeni ya Columbus, kwa sababu baba mdogo alimpatia baba kazi kwenye ghala. Nikakuta darasa la huko limeshapita vita nilivyokuwa bado navisubiri. Kemia niliianza Columbus, nayo ikakatika tulipohamia Buffalo. Biolojia peke yake ndiyo niliyoisoma mwaka mzima bila kufunga mizigo. Hesabu nilizisoma kila mahali, na hazidai sentensi ndefu. Basi nikaandika Biolojia na Hesabu.

Baba aliikuta karatasi mezani.

"Serikali imekupangia haya?"

"Hapana, baba. Nimechagua mwenyewe."

"Unachukua hesabu, na Kifaransa umekuja nacho kutoka kwetu? Watoto wa hapa wanakihangaikia miaka!"

"Kifaransa chake ni bonjour, halafu kimya," mdogo wangu wa kiume akasema kwa Kiingereza, macho yakiwa kwenye simu.

"Wewe nyamaza. Hata hiyo bonjour huna."

Mdogo wangu alikuwa amesema kweli. Kifaransa changu kilikuwa nyimbo za asubuhi na imla za kambini, tulikofuata mtaala wa nchi tuliyoikimbia, na sikuwa nimekigusa kwa miaka. Lakini baba alikuwa amesimama, nami siwezi kumpinga baba akiwa amesimama. Nikafuta Hesabu, nikaandika Kifaransa.

Jumapili alitangaza kanisani. Wazee wakakiombea Kifaransa kwa jina. Biolojia haikutajwa.

Mwalimu mshauri aliponisajili alinieleza kwamba siku yenyewe mtu anaruhusiwa kubadilisha somo, kwa kuwa mitihani hiyo imo ndani ya kitabu kimoja. Hilo sikumwambia mtu nyumbani. Asubuhi ya mtihani nikatia kalkuleta kwenye mfuko wa ndani wa koti. Baba alinipeleka akiwa na nguo zake za kazi, tukaomba ndani ya gari, akasema amina kwa sauti kubwa.

Saa ya kwanza ilikuwa Biolojia. Palikuwa na swali la figo. Nilikuwa nimemtafsiria mama maneno ya daktari kuhusu figo zake mara nyingi, nikalijibu bila kusoma mara mbili. Saa ya pili nikafungua Kifaransa. Nilipomaliza aya ya kwanza nilijua kuna mwanamke na kuna treni. Nikairudia, bado ni mwanamke na treni. Nikageuza kurasa mpaka Hesabu, nikatoa kalkuleta.

Tulipokuwa tunarudi tulisimama kwenye taa za barabara ya Bailey.

"Kifaransa kimeendaje?"

"Sikukifanya, baba. Nimefanya hesabu."

Taa ikawa ya kijani, hakuondoka. Gari la nyuma likapiga honi.

"Umeacha karatasi tupu?"

"Hapana. Nimebadilisha. Wanaruhusu."

"Wanaruhusu," akarudia, akaondoa gari. Tulipofika mlangoni akasema, "Mimi nilitangaza mbele ya watu. Utawaambia wewe."

Sikuwa nimewahi kusema kanisani. Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama nikiwa nimeshika kiti cha mbele. "Mliniombea Kifaransa," nikasema, "nikafanya hesabu." Nikakaa.

Mama mmoja wa kwaya akacheka. "Haya, binti, Mungu atajua pa kuyahamishia maombi!"

Baba alikuwa anatazama viatu vyake, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Matokeo yalipokuja, Hesabu ziliipita Biolojia, na chuo kikanipokea. Baba bado huwaambia wageni kwamba binti yake ana Kifaransa. Simsahihishi.

Kama na wewe ulichagua somo ambalo mzazi wako hakulitaka, niandikie ulimwambia vipi, kabla ya mtihani au baada. Mwandiko wowote nitausoma, na nitakujibu, ingawa nitachelewa kidogo.