Kinywa cha Mdogo Wangu

Sijawahi kumwamini mtu anayeniambia nifungue kinywa. Nimezeeka hivyo, na sioni sababu ya kubadilika.

Wakati wa Mdachi, mtoto wa milimani aliyeumwa jino alikuwa na njia mbili: avumilie, au ateremke Morogoro kwa daktari mmoja tu, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuwatibu askari na Wazungu wenzake. Kisha boma likatoa amri. Vijana waliolelewa misheni wafundishwe kung'oa meno, wapande milima, wawatibu watoto kijiji kwa kijiji. Jumbe alipotangaza, wazee waliguna. Boma linalotutoza kodi na kutubebesha mizigo, leo limeyaonea huruma meno yetu? Hapo pana jambo!

Nyumbani kwetu hofu ilikuwa kubwa zaidi. Mdogo wangu alikuwa kigego: meno yake ya kwanza yaliota juu. Siku hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi, akapelekwa kutupwa porini. Mama na bibi walimficha ndani mpaka ya chini yalipoota, na hawakumwambia hata mjomba, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mimi nilijua kwa sababu nililala naye kitanda kimoja. Mama aliamini kwamba mtu mwenye ujuzi akichungulia kinywa kile ataona tu. Kwa hiyo mdogo wangu alifundishwa kucheka huku ameziba mdomo.

Sasa shavu lake lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba. Hali chakula, halali usingizi. Mama alimkanda kwa majani ya moto, na kijana wa boma wa kung'oa meno alipofika kijijini, mama akampandisha darini juu ya mahindi. Watoto wengine wote walipangwa uwanjani.

Nilikwenda kumchunguza mtu huyo, na kila alichofanya kilinitia shaka. Alilichemsha koleo lake la kung'olea meno kwenye chungu. Kwa nini chuma kichemshwe? Wazee walipomuuliza ukoo wa mama yake, aliinama akajifanya anapanga vyombo. Kwetu, mtu asiyetaja ukoo wa mama yake hufungiwa mlango.

Kilio cha mdogo wangu ndicho kilichotusaliti. Mgeni alikifuata mpaka kwetu, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Humu kuna mtoto anaumwa."

Mama hakuitikia. "Hakuna," akasema, na kilio kinatoka juu ya kichwa chake.

"Kilio hicho nakijua. Ni usaha. Ukishuka kooni, utamzika."

Mama alinitazama. Nilimchukia yule mtu kwa kulitamka neno hilo mlangoni kwetu. Lakini mimi ndimi niliyelala karibu na mdogo wangu, nikasikia anavyohema.

"Mama, mshushe," nikasema.

Jino lilitoka, usaha ukafuata. Baada ya muda mdogo wangu aliomba uji, na mimi nikalia kwa furaha. Mama hakushukuru. Alisimama mlangoni, mchi mkononi.

"Umeona nini humo?"

"Jino bovu."

"Na nini tena?"

Yule mtu aliutazama mchi, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa bado ameziba mdomo, akaelewa.

"Hayaonekani, mama. Yakishaota yote, hakuna awezaye kujua yapi yalitangulia."

"Wewe umejuaje ninachouliza?" Mama akaunyanyua mchi.

"Mapadri waliniokota porini, chini ya mlima huu huu. Nilikuwa na meno mawili, yote ya juu. Ndiyo maana wazee wakiniuliza ukoo, sina la kuwajibu."

Alilifunga koleo kwenye kitambaa, akalifungua, akalifunga tena.

"Mama," akasema, "wewe ulimfichaje?"

Mama aliuweka mchi chini, akamsogezea kigoda, akaanza kumweleza.