Mpira wa Kikapu Hauna Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule alinipokea kwenye ngazi za ofisi, mikono nyuma, akanitazama juu hadi chini kama anayekagua ng'ombe mnadani. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na raba nyeupe miguuni. Udongo wa Karagwe ulikuwa umeshazimaliza raba hizo kabla sijafika kwenye lango la shule.

"Wameniambia unafundisha michezo," akasema. "Netiboli?"

"Mpira wa kikapu, mkuu."

"Si vyote vinaingia kwenye pete?"

"Huu una ubao nyuma ya pete. Na unaruhusiwa kukimbia na mpira, mradi uudunde."

Akafikiri kidogo. "Pete tunayo. Ubao utautafuta mwenyewe."

Nikautafuta. Seremala mmoja wa jirani alinipa mbao zilizobaki kwenye kazi ya mabenchi ya kanisa, na nguzo tukakata mkaratusi. Pete ilikunjwa na fundi wa kuchomelea ambaye hakuwahi kuona mchezo wenyewe, kwa hiyo haikuwa duara kamili. Ukirusha kutoka kushoto mpira uliingia kwa raha, ukirusha kutoka kulia ulitemwa. Vijana wangu wote wa miaka ile walikuwa hodari wa kushoto, na timu za wageni zilipokuja zilidhani ni mbinu ya mwalimu. Sikuwahi kuwakatalia.

Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na simu ya kurekodi kila kitu, mnaweza kudhani kumtambua mchezaji ni kumtazama tu. Ngoja niwaeleze. Wasichana wetu karibu wote walikulia kwenye netiboli, ambako ukishadaka mpira unasimama palepale. Kwa hiyo ukimpa mpira wa kikapu, anaganda. Mgeni akimwona atasema hana mwendo. Lakini miguu hiyo iliyoganda imeshajifunza mguu wa mhimili, yaani ule unaobaki chini wakati mwenzake unazunguka kutafuta njia. Ukimtoa woga wa kudunda, umepata mchezaji ambaye haanguki ovyo na hapotezi mpira. Nilitumia muda mrefu kulijua hilo, na nalitoa bure.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Kyerwa, katika shule iliyokuwa mwisho wa safari ya bodaboda kutoka Mabira, na kutoka hapo unapanda kilima kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Huko nilikuwa chini ya Afisa Michezo wa Wilaya, mzee mwembamba kutoka Muleba aliyependa kofia na kuchukia kelele. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ya kutafuta vipaji. Tulikuwa tunakaa kwenye mashindano ya shule, mimi napiga makofi kila kikapu kinapofungwa, naye amegeukia upande mwingine kabisa.

"Afisa, umeikosa ile," nikamwambia siku moja.

"Mwenye mpira kila mtu anamtazama," akasema. "Mimi namtazama asiye nao. Tazama yule mrefu. Mpira umerushwa, yeye ameshageuka kumtafuta mtu wa kumkinga. Huyo atakupa ribaundi mpaka uchoke."

Ribaundi ni ule mpira uliogonga ubao au pete ukakataa kuingia. Anayeudaka ndiye anayeamua timu ipi inashambulia tena. Tangu siku hiyo nikaacha kupiga makofi. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba hata harusini namtazama asiye bibi harusi.

Miaka yangu ya mwisho kazini ndiyo iliyoniletea kambi ya vipaji. Shule za sekondari za Karagwe na Kyerwa zilituma wachezaji wao bora, wakalala kwenye mabweni wakati wa likizo, na wateuzi kutoka mjini wakaja kuwapima. Mimi nilikuwa mteuzi wa wenyeji, maana yake nilikuwa nachagua kama wengine na pia nahakikisha ndizi zimeiva kwa wakati. Aliyetuongoza aliitwa Mratibu wa Kambi. Alikuwa kijana mwenye filimbi shingoni, mwenye adabu, na mwenye haraka.

Kwanza walipima miili: urefu, mikono iliyonyooshwa kutoka ncha hadi ncha, na kuruka wima, ambako mtoto anapaka chaki vidoleni, anaruka, anaacha alama ukutani. Vipimo hivyo vina faida yake, sivikatai. Lakini fundi cherehani naye hupima, na hajui nguo itavaliwa kwenda wapi. Mimi nilingoja michezo yenyewe.

Kambi hiyo ninayoisimulia ilikuwa na jambo kubwa ndani yake. Shule moja ya mjini ilikuwa tayari kumsomesha msichana mmoja mpaka amalize kidato cha sita, kwa ajili ya mpira. Msichana mmoja tu. Wazazi walikuwa wanajua, wasichana walikuwa wanajua, hata mama wa jikoni alikuwa ana mtu wake.

Wawili walijitokeza mapema. Advera alitoka Nyakakika. Alikuwa gadi, yaani yule anayeupandisha mpira na kuipanga timu, na alikuwa na sauti ya kuamrisha hata walimu. Kemilembe alitoka Mabira, mrefu, mkimya, mwenye mikono inayofika mahali ambapo hukutarajia. Yeyote aliyeingia chini ya pete ya Kemilembe alirudi bila mpira. Niliona wasichana wakubwa wakisimama mbali wakirusha kwa kubahatisha, ilimradi wasikutane naye.

Kisha timu zao zikakutana, na Kemilembe akawa mtu mwingine. Advera alikuwa anakuja na mpira, Kemilembe anasogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, na Advera anafunga. Mara ya kwanza nilidhani ameteleza. Aliporudia tena na tena, wateuzi wa mjini walianza kutikisa vichwa.

"Mwoga," Mratibu akasema tulipokaa kuzungumza. "Anawaonea wadogo. Akikutana na mtu wa kiwango chake anafungua njia. Mjini hatamaliza wiki. Nafasi ni ya Advera, au mnaonaje?"

Wenzangu wakakubali. Mimi nikaomba wasubiri mpaka mchezo wa mwisho, kwa sababu asubuhi ile, bombani, nilikuwa nimeona kitu. Kemilembe alikuwa ameweka ndoo chini, akapiga goti mbele ya Advera, akasema, "Shikamoo shangazi." Na Advera, aliyemzidi kwa miezi tu, akamwitikia "Marahaba" bila kutabasamu, kama inavyopaswa.

Kwetu mambo haya si ajabu. Babu anaoa tena uzeeni, anazaa binti, na siku hizohizo mwanawe mkubwa naye anazaa binti. Watoto wanalingana meno, lakini mmoja ni dada wa baba wa mwenzake. Na shangazi kwetu si mtu wa mchezo. Ndiye atakayekufunda, ndiye atakayesema neno siku ya posa yako, na huwezi kumnyooshea mkono usoni, sembuse kuupiga kofi mpira wake mbele ya umati. Nilimweleza Mratibu yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, namshukuru kwa hilo.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Lakini mpira wa kikapu hauna shangazi. Kesho watakutana tena. Mwambie amzuie. Akishindwa, jina la Advera ndilo nitakalolisoma."

Nikaenda kwa Kemilembe. Nilimkuta anaanika soksi.

"Mwanangu, wanasema wewe ni mwoga."

"Waseme tu, mwalimu."

"Hutaki kwenda kusoma?"

Macho yakamjaa machozi palepale. "Nataka. Nyumbani baba amesema nikikosa hii, basi. Lakini yule ni shangazi yangu. Nikimfanyia vile, nitaingia kwenye ukoo na uso gani?"

Ikabaki njia moja, nami sikuipenda hata kidogo. Advera alikuwa nyuma ya bweni anasugua raba zake kwa jiwe. Nikaketi karibu naye, nikamwambia mambo yalivyo, kwamba mpwa wake hawezi kumzuia bila ruhusa yake.

Akaendelea kusugua. "Mwalimu, hiyo nafasi na mimi naitaka."

"Najua."

"Na mama yangu ni mjane, hilo unalijua?"

"Sikulijua."

"Basi umekuja kuniomba nimpe."

"Nimekuja kukuomba umruhusu acheze. Nani apewe, wataamua watakaotazama."

"Mawe, mama wee! Hicho si kitu kilekile?"

Alikuwa amesema kweli, na mimi nina umri wa kutosha kujua kwamba ukweli wa mtoto hauzibwi kwa methali. Nikainuka nikamwacha na raba zake. Roho iliniuma usiku kucha, maana nilikuwa nimemwekea mtoto mzigo wa mtu mzima.

Mchezo wa mwisho ulichezwa baada ya chakula cha mchana, watu wamejaa mpaka juu ya ukingo wa shamba la ndizi. Nusu ya kwanza ilikwenda vilevile. Advera anakuja, Kemilembe anapisha, Advera anafunga, umati unamzomea Kemilembe. Mratibu alinitazama, akainua mabega. Advera hakunitazama kabisa, nami sikuthubutu kumlaumu. Angekuwa binti yangu ningemwambia acheze vivyo hivyo.

Nusu ya pili ilipokuwa imeanza kukolea, Advera akaingia tena chini ya pete. Kemilembe akasogea. Njia ikawa nyeupe. Advera akasimama. Aliushika mpira kwa mikono miwili, mguu wa mhimili ukiwa chini, refa ameshaanza kumhesabia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye migomba:

"Kemilembe! Nakutuma unizuie. Unakataa kutumwa na shangazi?"

Watu wakaangua kicheko, hasa wa mjini, wakidhani ni utani. Sisi wa huku hatukucheka. Kumzuia shangazi ni utovu wa adabu, lakini kukataa kutumwa naye ni utovu mkubwa zaidi. Msichana yule alikuwa amepekua mila yote akapata mlango mmoja, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Kemilembe akarudi akasimama mbele yake, mikono juu. Advera akaruka, tena akaruka kwa nguvu zake zote, na kile kiganja kirefu kikaukuta mpira hewani, kikaupiga ukaenda mpaka kwa mtunza muda. Kemilembe akajiziba mdomo. Magoti yake yalikuwa yameshaanza kukunjika ili aombe radhi.

"Simama!" Advera akafoka. "Mpira bado!"

Kuanzia hapo ulichezwa mpira ambao sijauona tena katika maisha yangu. Msidhani Advera alimwachia. Alimzunguka, akamhadaa, akamfunga mara kadhaa kwa haki, na Kemilembe akamzuia mara nyingi zaidi. Wateuzi wa mjini walisimama wote. Mimi nilikuwa nalia, na sikutafuta kitambaa.

Jumapili baada ya ibada Mratibu alisoma jina la Kemilembe. Advera ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Kisha akakunja mikono ya gauni, akaenda jikoni kuwasaidia akina mama kuosha masufuria, akakaa huko mpaka magari yalipoanza kuondoka. Kabla ya kupanda, Kemilembe aliingia humo jikoni. Sijui waliongea nini. Alitoka gauni limelowa magotini.

Mimi nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Waliniaga kwa kitenge na hotuba ndefu, na msemaji akataja majina ya niliowapeleka mjini, la Kemilembe likiwa la kwanza. Sasa niko kwenye kibanja changu cha migomba huko Chonyonyo, na kahawa yangu, na magoti yanayonidai raba zote nilizochakaza. Walimu vijana huja kuniuliza, "Mama, kipaji unakitambuaje?" Nawaambia aliyoniambia Afisa wangu, watazame asiye na mpira. Nawaambia pia wamtazame bombani, kwenye foleni ya chakula, na anaposalimia, kwa sababu mtoto haji uwanjani peke yake, anakuja na ukoo wake mzima. Bado sijapata jibu la swali moja. Tulikuwa na alama za kuruka, za kudunda, za kupiga pasi, za kuzuia. Kwa alichokifanya Advera hatukuwa na alama yoyote, na hata leo sijui ningeiandika wapi.

Msimu uliopita wa kahawa alinitembelea. Ni mfanyabiashara sasa, ananunua ndizi vijijini na kuzipakia kwenye malori, na sauti ile ya kuamrisha haijapungua hata chembe. Alinisalimia kwa goti kama mimi ndiye shangazi, akanywa chai, akanipa habari za Kemilembe, kwamba amemaliza masomo na ana kazi nzuri, na kila mwaka akirudi nyumbani huanzia kwake kabla ya kwenda kwa wazazi. Akacheka aliponisimulia wanavyofokeana kuhusu nani alimfunga nani. Halafu akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nikuulize. Siku ile kama ningenyamaza, wangenichagua mimi?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Mtu wa umri wangu husamehewa.

"Ndiyo," nikasema. "Wangekuchagua wewe."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, bila kisirani.

"Nilikuwa najua, waitu," akasema, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa. "Nilitaka tu tuwe wawili tunaojua."

Aliondoka kabla ya mvua. Nami nimekaa nalo neno hilo mpaka nikaona wawili hatutoshi, ndiyo maana nimeandika.