Kopo Moja kwa Kila Kijiji

Siku yangu ya kwanza kazini Kilosa niliamkia, "Shikamoo, Ndugu Mganga Mkuu," naye akaitika marahaba bila kuinua jicho kwenye darubini. Mganga Mkuu wa Wilaya wa wakati ule alikuwa mtu mfupi, mkali, hataki maneno mengi.

"Binti, hapa hatutafuti mawazo," akaniambia. "Tunatafuta vijidudu. Ukiviona, sema. Usipoviona, osha slaidi."

Basi nikawa mpima damu. Slaidi ni kipande cha kioo. Unamtoboa mgonjwa kidole, unadondosha tone la damu kiooni, likikauka unalitia rangi, halafu unatafuta vimelea vya malaria. Ninyi wajukuu zangu mna vipimo vya kufumba na kufumbua. Sisi tuliinama hadi shingo zikakakamaa. Lakini angalau kazi ilieleweka. Kilichonichanganya, na kinanichanganya mpaka leo, kilianza nilipohamishiwa zahanati ya Mikumi.

Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu wa kwetu, wa milima ya Vidunda, walishushwa bondeni wakapewa viwanja jirani na kijiji cha wenyeji wa tambarare. Mdogo wangu Debora alikuwamo, na mwanawe Nathani mgongoni. Klorokwini, dawa ya malaria ya siku hizo, iligawiwa kopo moja kwa kila kijiji. Usawa, bwana! Kopo la wenyeji lilikuwa halimaliziki. La watu wa mlimani lilikwisha upesi, na watoto wakawa wanashikwa na degedege. Maofisa wakasema hawa wanauza dawa. Iliniuma sana, ni ndugu zangu wale, lakini ningejibu nini?

Ndipo akaja daktari mmoja, mwanamke, kutoka chuo kikuu. Hakutumwa na Wizara wala Chama.

"Sasa Dokta, nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna. Nataka kujua kwa nini kopo moja linabaki na jingine linakwisha."

Jamani! Mtu anaacha nyumba yake Dar es Salaam, anakuja kulala Mikumi kwa ajili ya kopo?

Akaniagiza nipime watoto wote wa vijiji vile viwili, hata walio wazima. Mama mmoja wa tambarare akanifokea, "Mtoto anacheza, wewe unamtoboa! Una wazimu?" Nikainamisha kichwa, maana hata mimi niliwaza hivyo hivyo.

Majibu yakanivuruga kabisa. Watoto wa tambarare, wanaokimbizana uwanjani, damu yao imejaa vimelea. Wa kwetu, wanaotetemeka mkekani, wengine wanavyo vichache tu. Nikadhani nimechanganya slaidi. Nikapima upya, mambo yakawa yale yale.

Dokta akanikalisha chini akanieleza. Aliyekulia kwenye mbu, akapona homa za utotoni, mwili wake huzoea vimelea kidogo kidogo. Watu wa mlimani walikaa kwenye baridi, mbu hawakuwepo, miili yao ilikuwa migeni. Hawauzi dawa. Wanaugua kuliko wenzao.

Tukapanda gari hadi Kilosa kumwona Mganga Mkuu. Alisikiliza, akawaka.

"Unataka nikaseme mbele ya Chama kwamba vijiji havilingani?"

"Watu wanalingana, Ndugu. Ugonjwa haulingani."

"Nikiwaongezea hawa, wale watasema nini?"

"Kopo lao linabaki kila mwezi. Niambie wewe watasema nini."

Mganga Mkuu akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimeyaona kwa macho yangu. Nikasema nimeyaona, na sielewi, lakini nimeyaona. Mzee yule akashusha pumzi, akaamuru dawa ifuate wagonjwa, isifuate idadi ya vijiji. Nikashangaa. Kumbe mkubwa naye hubadilika!

Nikarudi nikiwa na furaha tele, nikakuta matanga. Nathani alikuwa ameshikwa na degedege tulipokuwa Kilosa. Kopo la kijijini kwao lilikuwa tupu. Debora alikimbia naye hadi kwa wenyeji. Mhudumu wa huko akaogopa agizo la zamani, akamwambia kila kijiji na kopo lake. Mtoto akafia mlangoni, na dawa iko kabatini.

Nilimweleza Debora habari yote ya damu na mbu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, hilo swali la daktari wenu, mbona hamkuliuliza kabla hatujashushwa?"

Nilistaafu zamani. Vijana wa afya hunijia wakiuliza kama utafiti wa mtu asiyetumwa na ofisi una faida. Nawaambia una faida kubwa; baada ya agizo lile nilishuhudia watoto wa kwetu wakipona. Kisha nawaambia alichoniuliza Debora, nao huinama kama nilivyoinama mimi.

Debora yu hai. Akija kunitembelea tunapika, tunacheka, tunaongea Kividunda chetu. Akimaliza kula hunitazama kidogo, nami huinuka nikaoshe vyombo.