Glavu ya Mkono wa Kushoto

Nimepata glavu ya baba chini ya sanduku, imekauka, lakini bado inanuka jasho na nyasi mbichi. Harufu hiyo iliingia nyumbani pamoja naye kila alipotoka kwenye mashindano ya gofu. Alicheza miaka mingi na hakuleta kombe hata moja.

Safari moja alirudi siku mbili mapema. Mama alikuwa ametoka kuchuma chai, vidole vyeusi kwa majani, anasonga ugali.

"Umetolewa tena?"

"Kwa pigo moja. Mpira ulisonga kidogo nilipoweka fimbo kwenye nyasi. Nikajiongezea pigo la adhabu."

"Na nani aliona, baba watoto?"

"Mimi."

Nilikasirika sana. Shuleni nilikuwa nimeshajisifu kwamba safari hii atashinda. Nikangoja mama amkemee. Mama aliipua sufuria ya ugali, akamimina maji moto ya birika kwenye beseni, akamwosha ule mkono wa kushoto ambao, kwa kuvaa glavu, jua halikuwahi kuuchoma, polepole, kama wa mtoto. Kisha akaitundika glavu juu ya meko ikauke.

Leo nimeivaa. Inanitosha.